PIKAPU ILIYOKWISHA TUMIKA: JINSI YA KUITUNZA ILI IMFAIDIE MWENYEWE

Katika barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, karibu kilomita 15 kutoka katikati ya mji, yako maduka na makazi ya Kinoo. Kila siku, alfajiri na mapema, pikapu nyingi hupita hapo zikiteremka mjini na sukumawiki, kabichi, viazi na maziwa kutoka Kikuyu, Limuru na hata ng'ambo ya Mai Mahiu. Jioni hupanda tena zikirudi na saruji, mabati, chakula cha ng'ombe na bidhaa za maduka. Kwa mwenyewe, gari la namna hii ni kama shamba la pili. Karo ya watoto hutoka humo, na mshahara wa dereva na wa mpakizi hutoka humo pia. Likilala barabarani siku moja, kabichi hunyauka na mteja hutafuta mchukuzi mwingine.

Wengi wa wenye pikapu hizo hawakuzinunua zikiwa mpya. Nyingine zililetwa kutoka Japani baada ya kutumika huko. Na kwa kanuni za shirika la viwango, yaani KEBS, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Nyingine ziliunganishwa humu nchini, kama vile Isuzu za kiwanda cha Nairobi kilichoitwa General Motors East Africa mpaka mwaka 2017, kilipochukua jina la Isuzu East Africa. Hizo huenda zimepita mikononi mwa watu wawili au watatu kabla ya kuuzwa tena, na umri wake huweza kuwa miaka 15 au 20, nazo bado zafanya kazi vizuri zikitunzwa.

Kabla ya kueleza kazi za utunzaji, yapasa jambo moja lifahamike vema. Gari lililokwisha tumika hununuliwa pamoja na madeni yake. Ikiwa mwenye gari wa kwanza alipaswa kubadili mafuta ya injini mwezi wa Machi, naye akaacha mpaka Septemba, deni hilo halikufutika siku alipouza gari. Limebaki ndani ya injini, na atakayelilipa ni mnunuzi. Deni hili haliandikwi katika hati yoyote, wala haliondolewi na rangi mpya. Hata saa ihesabuyo kilomita si shahidi wa kutegemewa sana, maana wako wauzaji wasio waaminifu ambao huirudisha nyuma.

KUANZA HESABU UPYA

Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye busara haamini kwamba gari lina nguvu bado ati kwa kuwa saa yaonyesha kilomita 90,000. Huifanya siku ya kununua kuwa siku ya kwanza ya hesabu. Katika juma la kwanza, kabla ya kulipakia mzigo wowote, hulipeleka kwa fundi na kubadilisha vitu vyote ambavyo huchakaa upesi na ambavyo umri wake haujulikani: mafuta ya injini na filta yake, filta ya dizeli au ya petroli, filta ya hewa, mafuta ya giaboksi na ya difu, mafuta ya breki, na maji ya kupozea injini. Gharama ya kazi hii ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya gari. Mtu ambaye fedha zake zatosha kununua gari tu, afadhali anunue la bei ya chini kidogo ili abaki na akiba ya juma la kwanza.

Upo pia mkanda mmoja ambao wengi huusahau kwa kuwa umefichwa chini ya kifuniko. Huu huitwa mkanda wa taimingi, na kazi yake ni kuzifanya vali zifunguke na kufungwa kwa wakati mmoja na mwendo wa pistoni. Si kila injini inao. Nyingine hutumia mnyororo au meno ya chuma. Lakini injini nyingi za dizeli za Toyota Hilux zinao, na kitabu cha gari huagiza ubadilishwe baada ya kilomita 100,000 au 150,000, kwa kadiri ya aina ya injini. Mkanda huu haupigi kelele unapochoka. Siku ukatikapo, pistoni huzigonga vali, na injini iliyokuwa nzima asubuhi huwa ya kufunguliwa yote jioni. Ikiwa muuzaji hana ushahidi kwamba ulibadilishwa, mnunuzi auhesabu kuwa haukubadilishwa.

Mambo haya yakiisha kufanywa, na linunuliwe daftari dogo liwekwe ndani ya gari. Katika kila ukurasa iandikwe tarehe, namba ya kilomita, kazi iliyofanywa, kipuri kilichotiwa na jina la fundi. Daftari hili lina faida tatu. Humkumbusha mwenyewe kazi inayokuja. Humwonyesha kama kipuri fulani chaharibika mara kwa mara bila sababu. Na siku ya kuuza gari huwa ndicho cheti ambacho yeye mwenyewe hakupewa aliponunua.

MAFUTA YA INJINI

Ndani ya injini vyuma husuguana maelfu ya mara kila dakika. Kinachovizuia visikwanguane ni utando mwembamba wa mafuta. Mafuta hayo pia huchukua joto, masizi na vumbi la chuma. Kwa hiyo kuona mafuta yamekuwa meusi si ajabu, hasa katika injini ya dizeli. Ni dalili kwamba yanafanya kazi ya kuosha. Lakini yakichoka hupoteza nguvu ya kulainisha, na tope lake huziba njia ndogo ndogo.

Wako wasemao kwamba gari kuukuu latosha kuongezewa mafuta tu, pasipo kuyabadilisha. Hayo si kweli. Kuongeza mafuta safi juu ya machafu ni kama kuongeza maji safi katika ndoo ya maji ya kufulia. Kwa pikapu ya kazi, kipimo kinachofuatwa na mafundi wengi ni kuyabadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta, isipokuwa kitabu cha gari kikiagiza vingine.

Kila asubuhi, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini ikiwa baridi, dereva achomoe kijiti cha kupimia, akipanguse, akirudishe na kukichomoa tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakizidi alama ya juu ni vibaya kama yakipungua. Yakionekana kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini na gari lisiendeshwe. Na taa nyekundu yenye picha ya birika ikiwaka njiani, dereva asiseme atafika tu kwa kuwa nyumbani ni karibu. Azime injini papo hapo. Kilomita mbili za mwendo bila mafuta zatosha kuimaliza injini.

MAJI YA KUPOZEA

Watu wa Kinoo na Limuru wanayo sababu yao wenyewe ya kuyaangalia maji ya rejeta. Pwani, maji huchemka kwa digrii 100. Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo maji yachemkavyo upesi zaidi. Kinoo iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na huko maji huanza kuchemka kwa kiasi cha digrii 94. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho huyabana maji ili yasichemke hata joto likizidi kipimo hicho. Kifuniko kilicholegea au mpira wake ukikatika, gari huchemka mlimani ijapokuwa rejeta imejaa.

Kwa sababu hiyo hiyo, haifai kabisa kufungua kifuniko injini ikiwa moto. Maji yaliyobanwa huruka kwa ghafula pamoja na mvuke, na wengi wameunguzwa uso na mikono. Injini izimwe, iachwe ipoe muda wa kutosha, ndipo kifuniko kifunguliwe polepole kwa kitambaa kizito.

Maji ya kisima yenye chumvi hayafai, maana huacha ukoko ndani ya rejeta. Dawa ya kupozea inayouzwa madukani, ikichanganywa kama ilivyoandikwa kwenye chupa, huzuia kutu na kuongeza kipimo cha kuchemka. Na ikiwa rejeta yahitaji kuongezewa maji kila siku, kazi si kuongeza tu. Itafutwe tundu yanakotokea.

BREKI

Kati ya sehemu zote za gari, hii ndiyo isiyostahili kuahirishwa hata juma moja. Atokaye Kinoo kwenda kuchukua viazi ng'ambo ya Mai Mahiu hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kwa barabara ile iliyojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano katika miaka ya 1940. Mteremko ni mrefu, upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni bonde. Arudipo, gari limejaa.

Hatari iliyofichika iko katika mafuta ya breki. Mafuta haya huvuta unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata chombo kikiwa kimefungwa. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya joto kufika digrii 205. Lakini yakiisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo hicho huweza kushuka hadi digrii 140. Dereva akikanyaga breki mfululizo mteremkoni, joto hupanda, mafuta huchemka, na mapovu huingia katika mabomba. Hapo pedali huenda mpaka chini na gari halisimami. Dereva hudhani breki zimekatika ghafula, kumbe zilianza kuharibika miaka miwili nyuma. Kwa hiyo mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka 2, na mteremkoni hutumiwa gia ndogo ili injini yenyewe ilizuie gari.

Dalili nyingine za kuangaliwa ni hizi: mlio wa chuma gurudumuni, gari kuvutwa upande mmoja linaposimamishwa, pedali kuwa laini kama sifongo, na mafuta kuonekana ndani ya gurudumu. Breki ya mkono nayo ijaribiwe mahali penye mwinuko.

MIPIRA YA MAGURUDUMU NA MZIGO

Katika mifereji ya kila tairi mna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Masika na vuli, barabara ikiwa na maji na udongo mwekundu, tairi kama hilo huteleza kama mguu juu ya sabuni.

Lakini tairi huweza kuzeeka pasipo kuisha. Ubavuni mwake pana tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Mathalani, 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mnunuzi wa pikapu na azisome tarakimu hizo katika tairi zote, pamoja na la akiba. Tairi lenye nyufa ndogo ubavuni lisiaminiwe kwa mzigo.

Upepo upimwe kila juma, tairi zikiwa baridi. Kipimo kimeandikwa katika kibandiko kilichomo ubavuni mwa mlango wa dereva, na mara nyingi tairi za nyuma huhitaji upepo zaidi gari linapopakiwa. Tairi lenye upepo mchache hujikunja na kupata joto mpaka lipasuke. Magurudumu yakiisha kufunguliwa kwa sababu yoyote, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 au 100.

Pikapu nyingi zilifanywa kuchukua kiasi cha tani moja. Kuongeza springi ili kuchukua tani mbili hakuongezi nguvu ya breki, wala ya ekseli, wala ya tairi. Faida ya safari mbili nzito hulipwa mwezi ujao kwa fundi.

DIZELI, HEWA NA BETRI

Dizeli huchomwa injinini, na tena ndiyo inayoilainisha pampu. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ambayo ni mepesi zaidi, pampu husagika. Uchanganyaji huo ulienea Kenya hata Serikali ikaweka mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Dizeli inunuliwe katika vituo vinavyojulikana, si katika mitungi kando ya barabara. Chini ya filta ya dizeli huwa mna skrubu ya kutolea maji. Ilegezwe mara kwa mara mpaka dizeli safi itoke, kisha ikazwe.

Filta ya hewa huziba upesi katika barabara za vumbi. Ikiziba, moshi huwa mweusi na mafuta huliwa zaidi. Wakati wa kiangazi ikaguliwe kila juma.

Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, umeme hupita kwa shida na gari hukataa kuwaka asubuhi ya baridi. Waya zifunguliwe, ule wa hasi kwanza, na vichwa visuguliwe kwa maji yaliyotiwa magadi kidogo, kwa kuwa magadi huiua asidi. Maji hayo yasiingie ndani ya betri. Betri ya kufunguliwa huongezwa maji yaliyosafishwa tu, kamwe si ya mfereji.

VIPURI, FUNDI NA USALAMA

Katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mna maduka mengi ya vipuri, vya asili na vya kuiga. Bidhaa za kughushi zimekatazwa na sheria tangu mwaka 2008, lakini hazijaisha. Kwa mambo ya breki, usukani na mkanda wa taimingi, bei ya chini isiwe sababu ya kuchagua. Mwenye gari adai risiti, tena aombe arudishiwe kipuri cha zamani, ili ajue kwamba kweli kilibadilishwa.

Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki hufanywa kuinua gari, haikufanywa kulishikilia juu ya mwili wa mtu. Yatiwe magogo imara au vigingi vya chuma, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Na mafuta machafu yasimwagwe mtaroni. Mto wa Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na Kikuyu, na watu walioko chini hunywesha mimea na mifugo kwa maji hayo. Mafuta yawekwe mtungini yapelekwe kwa wanaoyakusanya.

RATIBA YA KUFUATWA

Kila asubuhi: mafuta ya injini, maji ya rejeta, mafuta ya breki, taa zote, na kutazama chini ya gari kama kuna tone lolote.

Kila juma: upepo wa tairi, nati za magurudumu, mikanda ya injini, betri, na filta ya hewa wakati wa vumbi.

Kila kilomita 5,000: mafuta ya injini na filta yake, gilisi katika viungo vyote vyenye kitundu cha kutilia, kukagua breki, springi na viungo vya usukani.

Kila kilomita 20,000: filta ya dizeli, filta ya hewa, na kupima mafuta ya giaboksi na difu.

Kila miaka 2: mafuta ya breki na dawa ya kupozea.

Sheria ya Kenya huagiza magari ya biashara yakaguliwe kila mwaka chini ya Mamlaka ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Wako wanaolitengeneza gari juma moja tu kabla ya siku hiyo, kisha hulisahau. Lakini ukaguzi waonyesha hali ya gari kwa siku moja. Siku nyingine zilizobaki za mwaka, mkaguzi ni dereva mwenyewe, na kazi yake ya kila asubuhi haizidi dakika 10. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye pikapu ufa huo ni tone la mafuta chini ya gari, na ukuta ni injini nzima, au uhai wa watu waliopanda pamoja naye.